Mombasa hadi Lodwar na Mama, Februari 2025: joto, maji na habari ya choo

Tumerudi wiki mbili sasa na Ramadhani imeshaingia, ndio nimepata nafasi ya kukaa na daftari na picha za simu nikapanga hii safari siku kwa siku. Mdogo wangu ni mwalimu Lodwar, huko Turkana kaskazini mwa Kenya, mkewe alijifungua Januari, mtoto wa kiume, na Mama akasema lazima amuone mjukuu wake kabla ya mwezi kuandama. Mimi nikajitolea kumpeleka. Mama ana miaka 67 na ana presha, shikeni hilo kwa sababu ndilo lililotaka kutuharibia kila kitu.

Alhamisi tarehe 13, Mombasa hadi Nairobi

Treni ya saa tisa mchana kutoka Miritini, siti za kawaida, 1,500 kila mtu. Mzigo wa Mama ulikuwa leso nane za mtoto, halua, viazi vitamu vya kuchemsha na nazi kavu kumi, ati huko Turkana nazi zitapatikana wapi. Nilimuuliza kama amejiandaa na joto akanicheka, akaniambia mwanangu mimi nimezaliwa Mombasa, joto utaniambia nini wewe? Na mimi moyoni nikakubaliana naye, maana Februari hii huku kwetu tumelala milango wazi na bado shuka linalowa.

Tulilala kwa mama mdogo South C. Hakuna la kusimulia, chai na mkate tukalala.

Ijumaa tarehe 14, Nairobi hadi Kitale

Basi la asubuhi, 1,600 kwa kichwa, karibu siku nzima barabarani. Nakuru tulisimama dakika kumi, foleni ya choo cha wanawake ikawa ndefu kuliko hizo dakika kumi, kondakta anapiga kelele twende twende, Mama akarudi bila kufika mlangoni. Hapo ndipo alipoamua, na hakuniambia, kwamba hanywi maji tena barabarani. Nilikuwa namnunulia chupa, anaishika, analowesha midomo, anaifunga. Mimi niliona chupa mkononi nikajua anakunywa.

Kitale usiku ni baridi kabisa, mji uko juu karibu mita 1,900, Mama akalala na sweta langu juu ya lake. Gesti 1,200 chumba cha vitanda viwili, ugali na kuku wa kienyeji 450. Mwenye gesti, mzee mmoja mpole, alituuliza tunaenda wapi, tulipomwambia Lodwar akasema ondokeni na gari la kwanza la alfajiri, msikubali gari la saa nne. Sikuelewa uzito wa maneno yake.

Kwa wanaofikiria njia hii: hapa Kitale ndipo pa kununua kila kitu. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, duka la dawa ziliuzwa 20 kila moja, nunua kumi. Nunua pia kopo la kupulizia maji, lile la saluni, 150. Sisi tulinunua ndizi tu.

Jumamosi tarehe 15, Kitale hadi... Lokichar

Tulifika steji saa kumi na moja alfajiri. Nauli 1,500 mpaka Lodwar, kama kilomita 300. Lakini matatu haiondoki mpaka ijae, na haikujaa mpaka saa tatu na nusu. Basi tukawa tumeingia kwenye lile lile gari la saa nne tuliloambiwa tusipande.

Mpaka Kapenguria kijani kitupu, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukipita Chepareria unaanza kushuka, Ortum, halafu Marich ambapo milima inabana barabara na mto upo pembeni, pazuri sana nilipiga picha nyingi. Ukitoka hapo ukaingia Kainuk ni kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Miti inakuwa mifupi, ardhi nyekundu halafu nyeupe, na upepo wa dirishani ambao ulikuwa unaburudisha sasa unachoma macho. Abiria wazoefu walifunga madirisha nusu na kujifunika shuka kichwani, sisi wa pwani tukafungua yetu yote.

Saa saba kasoro, kabla ya Kalemngorok, mpira wa rejeta ukapasuka. Dereva akatushusha. Hakuna nyumba, hakuna duka, mtandao unakuja na kupotea, na jua liko utosini. Simu yangu ilisema 38, lakini hiyo ni ya kivulini na sisi kivuli tulikuwa tunakitafuta.

Kitu kilichonidanganya ni hiki. Kwetu Mombasa ukipata joto unalowa, jasho linatiririka mpaka mgongoni, ukiangalia mtu unajua huyu anaungua. Pale Mama alikuwa mkavu. Uso mkavu, mikono mikavu, nikasema alhamdulillahi bibi huyu anavumilia kuliko mimi. Kumbe hewa ya kule ni kavu mno, jasho linatoka na kukauka hapo hapo kabla hujaliona. Nilikuja kuliona baadaye kwenye buibui lake jeusi, kuanzia kwapani mpaka kiunoni michirizi myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji kwenye ukuta wa nyumba iliyofurika. Chumvi yote ile ilitoka mwilini mwake na mimi niko kando yake nasema hatoki jasho.

Kama mita mia mbili hivi kulikuwa na mgunga mmoja mkubwa na mama mmoja wa Kiturkana amekaa chini yake na magunia ya makaa ya kuuza, shanga shingoni mpaka kidevuni. Alisimama akatupungia mkono tuje. Tukajikokota. Mama akalalamika kichwa, halafu misuli ya miguu inakaza, halafu akatapika kidogo, maji maji tu. Nikampa chupa yangu akanywa mafunda mawili akaisukuma. Ndipo akanitazama usoni akaniita jina la dada yake mkubwa, khaloo wetu aliyefariki 2009, akaniuliza mbona nimechelewa kutoka sokoni.

Sitasahau. Nilihisi tumbo limedondoka.

Kondakta, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye tangu asubuhi nilikuwa namkasirikia kwa kuchelewesha gari, alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikimbia akaja na jerikeni la lita 20 lililokuwa la kujaza rejeta, maji matupu, akasema mwagieni, mwagieni kichwa na shingo na kwapa, msingoje. Mama hata katika hali ile alishika mtandio wake kwa nguvu, hataki kufunuliwa mbele ya wanaume. Yule kijana akawageukia abiria wanaume akawaambia wazee twendeni upande wa gari, na wote wakaenda bila neno. Wanawake tuliobaki, mwalimu mmoja, msichana wa shule na yule mama wa makaa, walishika shuka mbili za Kiturkana zikawa pazia. Tukamvua buibui, tukabaki na dera, tukammwagia maji pole pole na kumpepea kwa kifuniko cha boksi la kadibodi. Yule mama wa makaa alikuwa na maji yake ya kibuyu, ya kuchimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, yana rangi ya chai, nayo akayamwaga yote. Alikuwa anasema neno moja tu, ngakipi, ngakipi, msichana wa shule akaniambia ni maji.

Sijui dakika ngapi, labda ishirini. Mama akafumbua macho vizuri akaniita jina langu, akauliza kwa nini nguo zake zimelowa mbele za watu. Nililia.

Kanta, lori dogo lililobeba vitunguu, ikasimama. Dereva alimtoa turnboi wake mbele akamweka juu ya vitunguu, mimi na Mama tukakaa mbele mpaka Lokichar, na alipofika alikataa pesa, akasema hata yeye ana mama.

Kwenye kituo cha afya cha hapo tulimkuta klinikal ofisa, kijana mtulivu. Akampima joto la mwili likiwa limeshashuka, 38 na nukta, presha iko chini, akaagiza anywe ORS kidogo kidogo, kila dakika chache mafunda machache, pakiti moja kwenye lita moja, na Mama akakaa chini ya uangalizi mpaka jioni, mpaka alipokojoa. Tulilipa 350 yote. Maneno yake niliyaandika kwenye daftari usiku ule:

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na misuli kukaza ni mwili umechoka na joto, mtoe juani, mpe maji na chumvi, mpumzishe. Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, maneno hayaeleweki, anayumba, anapata degedege au anazimia, hiyo ni dharura, joto la mwili linaweza kuwa limepita 40 na ubongo unaumia. Usiseme tumkimbize kwanza hospitali halafu wamwagie maji huko. Mpoze hapo hapo, na huku mnatafuta gari. Maji ya kumwagia si lazima yawe safi, ya mto, ya rejeta, yoyote. Na aliyezimia au asiyejielewa usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Halafu akamuuliza Mama mwenyewe, kwa adabu, shikamoo bibi, leo umekunywa maji kiasi gani? Mama akanyamaza. Akauliza tena, umekojoa mara ngapi tangu jana? Mama akasema kwa sauti ndogo, mwanangu, njiani hakuna choo cha mtu mzima.

Kumbe tangu Nakuru. Siku moja na nusu, na juu yake kile kidonge chake cha presha cha kukojosha amekimeza asubuhi kama kawaida. Daktari hakumgombeza. Alisema wanawake wengi wanaoletwa kwake kutoka barabarani ni hadithi hiyo hiyo, wazee zaidi, maji wanayo mkononi ila wanaogopa aibu. Kuhusu kidonge akasema asikiache kwa kujiamulia, ila mtu mwenye dawa za presha, moyo au figo akipanga kwenda sehemu ya joto kali amuone daktari wake kabla, huenda dozi au saa ya kumeza ikabadilishwa. Mimi nilikuwa na wiki tatu za kupanga safari hii na sikuuliza swali hata moja.

Tulilala Lokichar, chumba 1,000, feni ya dari inazunguka. Mhudumu, mama mmoja mnene mcheshi, alikuja mwenyewe na ndoo na leso akaniambia kwanza lowesha leso, kamua, mfunike nayo, ndio feni ifanye kazi. Joto likipita 40 feni peke yake kwenye ngozi kavu inakupulizia moto tu.

Jumapili tarehe 16, Lokichar hadi Lodwar

Saa kumi na mbili asubuhi, gari ndogo, 500 kila mmoja, kiti cha mbele. Saa mbili tupo Lodwar. Wifi yangu alimpokea mama mkwe wake kwa beseni la maji ya kunawa miguu kabla ya kitu kingine chochote, na Mama alipomshika mtoto alisahau yote.

Jumatatu na Jumanne, nyumbani

Mji wote unaishi kwa saa zake. Saa kumi na moja alfajiri watu wako macho, saa nne masoko yamejaa, saa sita mpaka saa kumi kila kitu kinalala, mbuzi, mbwa, boda, wenye maduka. Mdogo wangu anasema mwaka wa kwanza aliona ni uvivu, akawa anatembea saa nane mchana kwenda kununua maandazi, akaugua mara mbili. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, na hata ukizoea hauwi jiwe. Nyumba yake ya kupanga ni ya mabati, mchana huwezi kukaa ndani, kwa hiyo tulikuwa tunahamia kwa mama yake wifi, nyumba ya matawi ya mkoma, upepo unapita kila upande na ukiingia unahisi tofauti mara moja. Usiku tulilala nje uani, vitanda vimefungwa vyandarua maana malaria ipo, msidharau.

Maji ya kunywa walikuwa nayo kwenye mtungi wa udongo uliofungwa gunia bichi. Ni baridi ya kutosha na hayaumizi koo.

Sasa ugomvi. Jumatatu mchana mtoto alikuwa analia, ana harara shingoni na kifuani, midomo mikavu kidogo, na Mama akachukua kijiko akasema mtoto ana kiu, mpeni maji, sisi wote tumelelewa hivyo. Wifi hakutaka kumpinga mkwe wake, akaniangalia mimi. Bibi wa upande wa pili naye akasema maji kidogo hayana neno. Wawili kwa mmoja, na yule mmoja ndiye mama wa mtoto na hawezi kusema kitu.

Jumanne asubuhi ilikuwa siku yake ya kliniki, tukaenda sote wanne. Nesi aliulizwa, akasema mtoto chini ya miezi sita hapewi maji, hata Lodwar, hata Februari. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, joto likizidi mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na anayepaswa kunyweshwa ni mama yake. Maji ya kijiko yanamjaza tumbo akaacha kunyonya, na yakiwa si safi yanamletea kuhara, na kuhara kwenye joto hili kunaua haraka. Mama akauliza, sasa nitajuaje kama ametosheka? Nesi akamwambia, hesabu nepi bibi. Zikilowa sita au zaidi kwa siku, na mkojo mweupe usiokuwa wa njano kali, ametosheka. Na msimfunike uso na leso ati kumkinga na jua, hewa inafungika humo ndani, mtafutieni kivuli.

Kutoka hapo Mama alibadilika kabisa. Akawa yeye ndiye anayemjazia wifi kikombe kila mtoto akinyonya, na nepi zinaanikwa kwa mstari anazihesabu kwa kidole. Harara walimwogesha maji ya uvuguvugu na kumwacha kifua wazi, ikapungua.

Jumatano tarehe 19, Eliye Springs

Mdogo wangu aliomba gari la rafiki, tukaweka mafuta ya 3,000, tukaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sehemu ya mwisho ni mchanga, gari ilizama mara moja, vijana watatu wakatusukuma. Halafu ghafla mikoma, chemchemi, na ziwa Turkana lenyewe mbele, kijani cha ajabu kama bahari. Mama alikaa ukingoni akasema hii ni pwani, nimefika nyumbani, akaonja maji akatema, yana ladha ya magadi. Msiyanywe hayo, na msiruke kuogelea popote tu kwa sababu ya joto, mamba wapo, ulizeni wenyeji. Samaki wa kukaanga na ugali 400, tukakaa chini ya mikoma mpaka saa kumi na moja jioni ndio tukarudi.

Njiani mdogo wangu alitusimulia ile mifupa ya kijana wa kale iliyopatikana Nariokotome, upande huu huu wa ziwa, 1984, na Kamoya Kimeu, yule Mkenya mtafuta mifupa ya kale, ndiye aliyeona kipande cha kwanza. Umri wake kama miaka milioni moja na nusu, mrefu, mwembamba, umbo la mwili unaojua kutoa joto. Mama alikuwa ameshalala na leso bichi shingoni.

Alhamisi tarehe 20

Redio ilisema Sudan Kusini wamefunga shule wiki mbili kwa sababu ya joto, wanafunzi wanazimia Juba. Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu. Madarasa yake ni ya mabati, wanafunzi 60 na zaidi, na alisema ameomba somo la saa nane lihamishiwe asubuhi tangu mwaka jana.

Ijumaa tarehe 21 hadi Jumapili tarehe 23, kurudi

Safari hii tulipanga kuanzia chooni. Mdogo wangu aliongea na dereva usiku uliopita, tukakubaliana atasimama Lokichar, Kainuk na Makutano dakika kumi na tano kila mahali, na akaandika kwenye karatasi pa kwenda, petroli stesheni ipi, hoteli ipi, 20 kila choo. Mama alikuwa na deli la maji lita tano, ORS, kopo la kupulizia, na dera la rangi hafifu badala ya lile buibui zito. Gari likaondoka saa kumi na nusu alfajiri. Msione haya kumuuliza dereva habari ya choo kabla hamjalipa nauli, na kama unasafiri na mzee uliza wewe, yeye hatauliza.

Kwenye ule mgunga nilimuomba dereva dakika mbili. Yule mama wa makaa alikuwepo. Mama alimpelekea kilo mbili za sukari, majani, na leso moja kati ya zile nane, na jerikeni la maji safi lita 20 kufidia ya kibuyu. Yule mama alimshika Mama uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku kama anakagua, akacheka.

Kitale tulilala, Nairobi tulilala, Jumapili usiku tuko Miritini, tumelowa jasho kabla ya kutoka nje ya stesheni.

Sasa kila siku baada ya futari Mama anampigia wifi simu, hata salamu hazijaisha anauliza nepi ngapi leo. Jana ilikuwa saba.